Blanketi la sufu kutoka Uskoti

Jamani, mwenye bahati ni mimi! Leo nimepewa zawadi ya blanketi la sufu kutoka Uskoti.

Mnamjua yule nyanya mzungu ninayemtunza hapa ughaibuni, Annandale. Kila siku ananisimulia habari za kiwanda cha sufu cha kwao: vilima vimejaa kondoo, sufu ikisuuzwa kwa maji baridi ya mto, mamake akifuma.

Kiwanda kilishafungwa. Mamake alishazikwa. Lilibaki blanketi alilofuma.

Leo asubuhi chai ikalimwagikia.

Mimi, fundi wa kila kitu, nikalitia kwenye mashine ya kufulia. Maji ya moto kabisa. Nikalikausha kwa moto vilevile.

Likatoka dogo kama taulo la jikoni, gumu kama kadibodi. (Chekeni, lakini ngojeni.)

Nyanya akasema, "Nifunike miguu."

Likatosha mguu mmoja.

Akalinusa. "Hata harufu ya kwetu umeiosha."

Nikajaribu utani: "Nyanya, mguu wa pili nitaukumbatia mimi."

Hakucheka. Alinitupia blanketi usoni.

"Chukua. Kesho usije."

Haya, semeni mnavyotaka. Nilidanganya. Hakuna zawadi. Nimefutwa kazi.