Fundi Aliyeitwa Mfagiaji

Wewe unayesoma, umewahi kuitwa mfagiaji mbele ya mashine uliyoichagua kwa akili yako na kuifunga kwa mikono yako? Kama bado, kaa nikueleze habari za Narcisse Bigirimana, kisha uniambie kama sina haki ya kukasirika.

Narcisse ni Mrundi. Huko Bujumbura alikuwa fundi wa maabara katika kiwanda cha bia, mwenye diploma, na hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi nchini Malawi, hakuna jirani ambaye hajaisikia hiyo diploma. Ukila naye nsima, ugali wa huku, atakueleza jinsi wanga unavyovunjika tumboni. Mkewe Arlène, mama wa Uvira kule Kongo anayeshona nguo karibu na soko, ndiye peke yake anayeweza kumkatiza: "Papa Nella, acha masomo, chakula inapoa!" Narcisse ana maringo, anapenda mzaha, na ni fundi kweli kweli.

Kila alipopata kibali cha kutoka kambini alikwenda Lilongwe, kwenye maabara moja ya binafsi katika mtaa wa Area 25. Nilimkuta hapo nilipomaliza chuo. Tulifanya kazi pamoja, ingawa hilo neno "kazi" halikuruhusiwa kututoka mdomoni. Sisi wakimbizi tuliitwa "wanaojitolea". Tulipewa nauli na chakula cha mchana. Aliyezaliwa Malawi, akikaa meza ileile na kuosha chupa zilezile, alikuwa mfanyakazi. Sisi tulikuwa watu wenye moyo mzuri. Nani alituuliza kama tunao huo moyo?

Kisha mashine kuu ya maabara ikafa. Ni kromatografu ya gesi. Unaingiza pombe kidogo, inageuka mvuke, na gesi safi inausukuma mvuke huo ndani ya mrija mwembamba kama uzi, uliozungushwa ndani ya tanuri. Kila kilichomo hutokea upande wa pili kwa zamu yake. Hivyo ndivyo unavyojua kama pombe kali inayouzwa mtaani ina methanoli, ile inayopofusha watu. Bila mashine hiyo, maabara yetu ilikuwa jengo lenye meza.

Mkurugenzi, Bwana Mphande, alimwita Narcisse. Mkurugenzi huyo alisoma Dar es Salaam, kwa hiyo Kiswahili anakijua vizuri.

"Nichagulie mashine mpya," alisema. "Ikisimama ikafanya kazi, nakupa mkataba. Mkataba wa kweli, ukaombee kibali cha kazi."

Tangu siku hiyo Narcisse alitembea kama bwana harusi. Hakutaka mashine maarufu wala kubwa. Alianza na swali la tutapima nini. Kwa kuwa ni pombe, alisema, tunahitaji mrija unaotenganisha methanoli na ethanoli bila ubishi. Tunahitaji sehemu inayochukua mvuke tu, ili sukari ya pombe isiunguzwe ndani na kuchafua kila kitu. Heli, gesi ya kuusukuma mvuke, ni shida kuipata Lilongwe, basi tutumie naitrojeni. Na juu ya yote aliomba kilinzi cha gesi, kifaa kinachozima tanuri chenyewe gesi ikikatika, kwa sababu mrija ukipashwa moto bila gesi, hewa huingia na kuunguza utando wake wa ndani. Mrija ukiungua, umekwisha.

Bwana Mphande alikubali yote isipokuwa kilinzi. Badala yake alitaka skrini kubwa ya kugusa.

"Wageni wataona nini bila skrini?" aliuliza. "Na gesi ina haja gani ya mlinzi? Mtu wa kuiangalia tunaye. Wewe."

Narcisse alicheka, akakubali. Kuitwa "mtu tunaye" kulimlevya kuliko pombe yote tuliyopima.

Mashine ilikuja. Aliifunga, akatafuta mivujo ya gesi kwa povu la sabuni, akaiwekea mpangilio wa joto, akapima pombe ya majaribio mpaka vilima vya methanoli na ethanoli kwenye mchoro wa skrini vikasimama kila kimoja peke yake. Nilimpigia makofi. Kilichobaki ni sherehe, maana huku kwetu hata choo cha shule hakitumiki mpaka mgeni rasmi akate utepe.

Asubuhi ya sherehe tulikuta mtungi wa gesi umeondolewa. Bwana Mphande aliona unafanana na bomu, mgeni angeogopa. Narcisse akasema sawa, lakini basi mashine isiwashwe.

"Haiwashwi, ni picha tu," Bwana Mphande akamjibu. "Na wewe kaa nyuma kule kwenye chupa. Leo kuna watu wa serikali, sitaki maswali ya vibali."

Mtu wa kuiangalia gesi akapelekwa uani.

Mimi nilibaki ndani kugawa soda. Mgeni rasmi akakata utepe, akasifu skrini, akauliza, "Inafanya nini?" Na Bwana Mphande, kwa furaha ya kamera, akamshika mkono akamwambia, "Bonyeza hapa, mheshimiwa." Nikaona namba za joto zinaanza kupanda. Nikasema kwa sauti, "Bwana, hakuna gesi!" Akanionyesha kidole mdomoni.

Nilikimbia uani. Narcisse aliingia na mikono ikidondoka maji ya sabuni, akawapita wageni, akachomoa waya ukutani. Skrini ikazimika katikati ya makofi. Lakini tanuri lilikuwa limeshachemka. Mrija ulikuwa umekwisha.

"Huyu ni nani?" aliuliza mgeni.

Na Bwana Mphande, bila hata kumeza mate, akajibu: "Samahani, mheshimiwa. Ni mfagiaji wetu."

Narcisse alivua koti jeupe, akalitundika juu ya skrini ile kubwa, akatoka.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Dzaleka, mlangoni kwake, gari la maabara lilipofika. Bwana Mphande alishuka mwenyewe. Majirani wakasogea.

"Namtafuta Narcisse," alisema.

Arlène hakuinua macho kwenye cherehani. "Narcisse gani? Hapa iko mufagiaji tu. Unataka bakufagilie nini, bwana?"

Watu walicheka. Arlène akainuka, akachukua ufagio, akamtilia Bwana Mphande mkononi. "Shika, hii njo chombo yake ya kazi."

Bwana Mphande alisimama na ufagio wake. Kisha akasema, kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Nimekuja kumchukua fundi wangu. Kuna mrija wa kubadilisha."

Ndipo Narcisse akatokea. Alikuwa amenyoa, amevaa shati la kazi, na viatu vyake viling'aa. Alikuwa amejiandaa tangu alfajiri, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

"Mkataba umekuja nao?" aliuliza.

"Panda gari, Narcisse. Tutaongea njiani."

Narcisse alimtazama. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya watu wote, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.