Anayebaki Kanisani

Mgeni alikuwa amekuja kwa dada yake kula sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, lakini viatu vipya vilimshinda. Maandamano yalipotoka na sanamu ya mtakatifu, yeye alibaki kanisani kwenye benchi la nyuma, miguu imevimba kama maandazi. Hakuwa peke yake. Msakristia, mzee mtunza kanisa ambaye funguo za kiunoni humtangulia kubisha hodi, alikuwa akibandua nta ya mishumaa sakafuni kwa ukucha wa kidole gumba, ukucha mrefu alioufuga kwa kazi hiyo tu. Kila akimaliza mabenchi mawili alinyoosha mgongo, akaguna, akasema, "Haya, twende," ingawa hakuna alikokuwa anakwenda.

"Baba, wewe huandamani?" mgeni alimuuliza.

"Mwenye nyumba akitoka, nyumba inabaki na nani?"

"Hata mara moja?"

"Mwaka wa ishirini na sita huu, mwanangu. Nasikia tu nyimbo zikipotelea huko, kisha zikirudi." Akajishika kiuno. "Haya, twende."

Nyimbo ziliporudi, mishumaa yote ilikuwa inawaka. Wabebaji waliitua sanamu mahali pake, wakakimbilia maji, jasho likiwachuruzika. Msakristia alitoa kitambaa mfukoni, akapiga magoti polepole kama anayetua mzigo, akaanza kuifuta vumbi miguu ya mtakatifu, kidole kwa kidole. Mgeni alimsikia akinong'ona, "Pole na safari. Mwaka huu wamekufikisha wapi?"