Kombe Lililokataa Kutoa Nyama

Saa kumi na mbili asubuhi, uani nyuma ya duka la Bwana Gaffar, Ndia Kuu, Charo Mung'aro anapuliza moto. Sufuria inatokota juu ya mafiga. Jirani amekwisha kufunga dirisha lake.

Charo husafisha makombe ya baharini. Huyachemsha, humvuta konokono kwa ndoano, kisha huyafukia mchangani mpaka mabaki yaoze. Tangu vita viishe na meli za abiria zirudi na wageni wanunuao makombe dukani, kazi ni tele. Na harufu nayo, Mungu wangu! Analipwa shilingi thelathini kwa mwezi, na mwezi mzima ananuka.

Aliyechoka ni mkewe, Sidi. Mwezi uliopita alifungasha nguo akarudi kwao Likoni.

"Aliniambia, 'Charo, mimi nakutaka, pua yangu ndiyo haikutaki,'" asema Charo, macho chini. "Hatarudi mpaka nipate kazi isiyonuka. Nyumba imekuwa kama gofu, bwana."

Katikati ya huzuni hiyo, Barnabas, mchimbaji wa reli, akamuuzia Bwana Gaffar kombe zito lililojiviringa kama pembe ya kondoo. Alilikuta ndani ya mwamba, Changamwe. Bwana Gaffar, bila kulitazama vizuri, akalituma uani likasafishwe.

Charo akalichemsha. Nyama haikutoka. Akalichemsha tena, akalichokora, akalitukana. Akalifukia, sisimizi wakalipita tu.

"Nikasema, lo, huyu ana ukaidi! Sijaona konokono wa kunishinda mimi!"

Makaa ya duka yalipokwisha, Bwana Gaffar alitoka akifoka: "Wachemsha nini wewe, jiwe?"

Kumbe ndilo hasa. Khursheed, binti wa Bwana Gaffar, mwalimu wa shule, alilishika akacheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akamweleza Charo kwamba mnyama huyo alikufa mamilioni ya miaka iliyopita, kombe likageuka jiwe. Jamaa zake walijaa bahari zote. Mara kadhaa viumbe vya baharini viliangamia, nao wakaponea chupuchupu, wakazaana upya. Mara ya mwisho wakaisha wote. Sababu yake wataalamu wangali wanaibishania. Binamu yao mmoja, akaaye vilindini, yu hai hata leo.

"Nilimhurumia," asema Charo. "Ukoo wake uponee majanga yote hayo, halafu yeye aje achemshwe na mimi!"

Akaliinua jiwe, akalinusa. Akalinusa tena. Halikunuka chochote. Hapo akapiga kigelegele kama bibi harusini.

Amemwomba Bwana Gaffar amwachie kazi ya makombe ya mawe tu, ayatoe mwambani, ayapige brashi, ayauze mbele dukani. Bwana Gaffar amekubali, kuanzia wiki ijayo. "Mradi asiguse makaa yangu," asema.

Ijumaa Charo ataoga kwa sabuni na ndimu, avuke kivuko na lile jiwe, Sidi alinuse mwenyewe.

"Vilivyokufa jana vimenivunjia nyumba," asema. "Sasa nataka vilivyokufa zamani."