Duara Jeusi Lenye Mapengo Mawili

Harufu ya lehemu inayoyeyuka bado hunirudisha nyumbani, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hata ninapoipitia tu mbele ya kibanda cha fundi simu hapa Mbarara. Ni harufu ya moshi mwembamba unaowasha pua, uliochanganyika na vumbi la redio kuukuu. Baba yangu alikuwa fundi wa redio. Alitoka Kivu ya Kusini na mfuko wa bisibisi, na kwa kuwa nyumba yetu haikuwa na umeme, alipasha chuma chake cha kulehemia kwenye makaa ya jiko lile lile alilopikia Mama. Maharage yetu yalinukia redio. Watoto wa jirani walitucheka kwa hilo, lakini walikuja kula. Kiangazi kile ninachokikumbuka kuliko vingine vyote, vumbi jekundu lilikuwa limetanda juu ya paa, juu ya migomba, hata juu ya maji ya ndoo yasipofunikwa, na kibarazani kwetu palikuwa na rundo la spika zilizokufa ambazo Baba alizivunja ili kutoa vilivyokuwa vizima ndani yake.

Katika kila spika mlikuwa na duara jeusi, zito, lenye tundu katikati, mfano wa kata ambayo mwanamke huweka kichwani kabla ya kujitwisha ndoo. Hiyo ndiyo sumaku. Nilidhani ni chuma, lakini Baba alinikatalia. Aligonga moja kwa ukucha, ikatoa sauti ya sahani. “Hii haiko chuma, Fura,” alisema. “Ni feriti. Wanatwaa kutu ya chuma, wanaichoma mu moto sawa chungu. Ukiiangusha inapasuka sawa chungu.” Neno feriti alilitamka Kifaransa. Nilikuwa na miaka tisa na neno hilo halikuniogopesha hata kidogo. Hilo nalitaja kwa sababu mambo ambayo hayakuniogopesha utotoni ni machache. Niliogopa mvua ya mawe, niliogopa kuitwa ubaoni, niliogopa Mama akichelewa kisimani. Jina langu ni Furaha, na shangazi yangu alipenda kusema kwamba walionipa jina hawakunisubiri wanione.

Mdogo wangu Heri alikuwa na miaka minne, naye hakuogopa chochote. Mchezo wetu ulikuwa kuburuta duara moja mchangani mpaka chembe nyeusi za chuma zilizomo kwenye udongo wetu zilishike na kusimama kama manyoya. Tuliliita simba. Asubuhi moja nilikuwa naosha vyombo, na Heri alikuwa na simba wake karibu na mtungi wa plastiki wa maji. Nilisikia jiwe likigonga. Nilipogeuka, duara lilikuwa vipande, na Heri alikuwa akivichezesha, akifurahi jinsi vinavyorukiana. Kisha nikaona mkono wake ukienda mdomoni. Nikaona kitu cheusi kati ya midomo yake, kama punje ya maharage. Akakohoa mara moja, macho yakamtoka, akameza. Kisha akatabasamu, akasema, “Imekwenda.”

Nilipiga kelele hata Mama Claudine, jirani yetu Mrundi, akaruka uzio wa miyaa akiwa na mwiko mkononi. Baba alikuja mbio. Na hapo alifanya kosa ambalo naamini baba mwingine yeyote pale kambini asingelifanya, kwa sababu wengine hawakuwa na sumaku nyumbani wala hawakuziamini kama Baba alivyoziamini. Alichukua duara kubwa kuliko yote, la spika ya kanisa, akalifunga kwa kitenge cha Mama chini ya kitovu cha Heri. Alisema litaivuta ile ya ndani ishuke. Sote tuliona ni akili kubwa. Mama Claudine alipiga magoti akaanza rozari. Heri alicheka kwanza, akijipigapiga tumbo kama ngoma, halafu akalalamika kwamba linamkandamiza, halafu akalia. Tulimbeba hivyo hivyo, amefungwa sumaku kiunoni, mpaka kituo cha afya.

Muuguzi wa pale, mama mmoja Mnyankore mwenye sauti ya kuamuru, alifungua kitenge na akabaki ameshangaa. “Sebo, bwana wee, hii ni nini?” Baba alimweleza. “Toa hiyo kitu! Toa sasa hivi! Itavuta nini? Huyu mtoto si redio!” Kisha akatueleza, akimtazama Mama, kwa sauti ya chini zaidi, na ndiyo sauti iliyonitisha. Sumaku moja tumboni hushuka pamoja na chakula, na hutoka. Mbili ni jambo jingine. Moja ikitangulia na nyingine ikifuata, hutafutana. Zikiwa kwenye mikunjo miwili ya utumbo, hushikana, na nyama iliyo katikati hubanwa mpaka inatoboka. Na hiyo kubwa ya nje ingeweza kuizuia ya ndani mahali pamoja isisogee. “Sasa niambieni,” alisema. “Alikula ngapi?”

Wote walinigeukia. Mimi peke yangu ndiye niliyeona. “Moja,” nilisema. Neno lilipotoka tu, likaanza kunikimbia. Niliona moja, ndiyo. Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimempa mgongo, mikono yangu ikiwa ndani ya sufuria. Jiwe liligonga kwanza. Kati ya jiwe na mkono kwenda mdomoni, kulikuwa na muda. Muda huo ulikuwa na urefu gani? Mtoto angeweza kumeza kingine? Kikohozi kile kilikuwa cha kipande cha kwanza au cha pili? Baba aliinama mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu. “Fura, uliona moja, ao uliona ya mwisho?” Mpaka leo sijaulizwa swali gumu kuliko hilo, na nimefanya mitihani mingi. Muuguzi hakungoja jibu. Gari la wagonjwa lilimchukua Heri na Mama kwenda Mbarara, na mimi nilisimama nikitazama vumbi lake likielekea Kabingo, njia ya Mbarara, nikifikiri kwamba mdogo wangu ameondoka na jibu langu tumboni.

Baba na mimi tulirudi nyumbani. Aliokota vipande vyote vya lile duara, akataka kuliunganisha juu ya meza kama mtu anayeunganisha sahani, ajue kimepungua nini. Vilikataa. Vipande vya sumaku moja, ukivirudisha mahali vilipovunjikia, husukumana kana kwamba vimegombana. Ilibidi avilaze juu ya kipande cha bati, bati likavishika kimoja kimoja. Duara likaonekana tena. Lilikuwa na mapengo mawili. Moja lilikuwa kama punje ya maharage. Jingine, upande wa pili, lilikuwa refu zaidi, kama ukucha wa kidole gumba.

Simu ililia mchana ule. Daktari wa Mbarara alitaka kusema na fundi mwenyewe, na Baba aliiweka kwenye sauti kubwa ili mikono yake iwe huru. “Mzee, hapa kwa picha naona kitu kama kimoja,” daktari alisema. “Lakini zinaweza kuwa mbili zimeshikana, na picha haiwezi kuniambia kama katikati yao kuna nyama. Sumaku ni ya aina gani?” Baba akajibu, “Ni feriti, dokta. Ile nyeusi ya spika.” “Ah, feraiti,” daktari alisema, kwa matamshi ya Kiingereza. “Afadhali kidogo, haina nguvu kama zile ndogo za kung'aa. Lakini kama ni mbili sitaki kungoja. Tukijua ni moja, tunamlisha na tunangoja. Tusipojua, leo kabla ya jioni nampasua.” Nyuma ya sauti yake nilimsikia Heri akiuliza kama pale wanauza mandazi. Baba alisema, “Dokta, tupe muda kidogo. Tutaitafuta ya pili.”

Kwa Baba, kutafuta kitu cha chuma kilichoanguka kulikuwa na njia moja. Alifunga duara jingine kwenye kamba na kuliburuta uwanjani. Lakini uwanja wetu ulikuwa uwanja wa fundi. Miaka yote ya misumari, nyaya, visoda na skrubu ilikuwa imelala mle mchangani, na kila mara duara lilirudi limevaa miiba kama nungunungu, na manyoya meusi juu yake, na ilibidi kukaa chini kulichambua kipande kwa kipande. “Kula fasi iko vyuma mingi,” Baba alisema, yaani kila mahali ni vyuma, na nilisikia sauti yake ikipanda. Jua lilikuwa limevuka paa. Nilifikiri juu ya kisu, nikafikiri juu ya tumbo dogo ambalo asubuhi lilikuwa likipigwa kama ngoma. Kufikiri sana ndiyo tabia yangu, na mara nyingi hainifikishi popote. Siku ile ilinifikisha kwenye jembe la Mama, lililokuwa limeegemea ukuta. Sumaku huita kila chuma, ndiyo maana ilituletea takataka zote. Jembe haliiti kitu. Msumari hauwezi kuling'ang'ania, wala kisoda, wala waya. Kitu pekee mle mchangani ambacho kingelishika jembe ni kile tulichokuwa tukikitafuta.

Sikumwambia Baba, kwa kuogopa kwamba nikisema litasikika upuuzi. Nililichukua, nikaanza kulipitisha taratibu juu ya mchanga, bapa la jembe likigusa vumbi tu. Watoto wa jirani walijipanga uzioni. “Tazameni, Furaha analima kiwanja!” “Panda na redio basi, zichipue!” Mama Claudine aliwafukuza kwa mwiko. Nilipita karibu na mtungi, nikazunguka jiko, nikapita pale kuku wanapojifukia vumbi. Na pale jembe likatoa sauti ndogo, tik, kama jino linapogonga kikombe. Niliinua. Kipande cheusi, kirefu kama ukucha wa kidole gumba, kilikuwa kimelala juu ya chuma, kimejishikiza.

Nilimpelekea Baba jembe zima. Alikibandua, akakiweka juu ya bati, kikaingia. Likabaki pengo moja. Baba alishusha pumzi, nami badala ya kufurahi nikasema lililokuwa kichwani, “Papa, na kama pale palikuwa na vipande viwili vidogo?” Sijui kama alitaka kunipiga au kunikumbatia. Kisha alichukua rula yake, akalipima lile pengo, akampigia daktari na kumtajia urefu wake na umbo lake, lilivyopinda upande mmoja na kunyooka upande mwingine. Huko Mbarara daktari aliitazama picha tena. Halafu, “Ninachokiona hapa kimepinda hivyo hivyo, urefu ule ule. Ni kimoja, mzee. Tunangoja.” Heri alilishwa uji na ndizi, na sumaku ikatoka yenyewe, njia ya kawaida, bila kumdhuru. Aliporudi nyumbani, kambi nzima ilikuwa imesikia maneno ya muuguzi, na kwa miaka mingi watoto walimkimbilia njiani wakimsokota sikio: “Redio! Tufungulie habari!”

Neno feriti nilikutana nalo tena chuo kikuu, hapa Mbarara, katika somo la vifaa vya uhandisi. Mhadhiri aliliandika ubaoni na viganja vyangu vikalowa jasho. Nilijifunza kwamba mzizi wake ni Kilatini, ferrum, yaani chuma, ndugu wa Kifaransa cha Baba, fer, na kwamba mkia wake, -iti, ni ule unaopewa mawe na madini. Nilijifunza kwamba wanaoyeyusha chuma wanalitumia kwa kitu kingine: chuma laini, karibu safi, kilichomo ndani ya chuma cha pua, ambacho sumaku hukipenda na ambacho hugeuka kikipata moto mkali. Na wa redio wanalitumia kama Baba, kwa kutu iliyochomwa kama chungu. Jina moja kwa kinachopinda na kwa kinachovunjika. Wenzangu walinakili wakapita. Mimi nilibaki nikitazama ubao, nikiona duara juu ya bati.

Sasa nimehitimu, natafuta kazi, na naogopa kila kitu kwa utaratibu: simu isipolia, simu ikilia, barua pepe niliyoituma na koma moja zaidi. Wakati ule hofu yetu ilikuwa na mahali. Ilikuwa ama tumboni, ama mchangani, na uwanja ulikuwa na mwisho wake. Hofu zangu za leo hazina uwanja wa kupitishia jembe. Baba bado anatengeneza redio kidogo, na duara lile liko ukutani kwake, limegandishwa kwa gundi juu ya bati lake, na pengo lake moja. Heri ni kijana mrefu, ana gereji ya pikipiki Biharwe, nje kidogo ya Mbarara, na mikono yake inanuka chuma mchana kutwa. Nikiota vibaya, nampigia. Asiposhika, nampigia tena, na tena, huku tayari nimeona barabara ya Masaka na lori na yote yanayoweza kutokea. Hatimaye hushika, nyundo zikigonga nyuma yake. Hanisalimu. Anajua ni mimi na anajua kwa nini.

“Ilikuwa moja tu, dada,” husema. “Lala.”