Chakula cha Angani

Juzi binti yangu alikuwa akitazama filamu ambamo mtu, ndani ya chombo cha angani, aliliomba kabati la ukutani supu, ikatoka ya moto. Akaniuliza, "Mama, nyama linaitoa wapi?"

Mimi nililiuliza swali hilo nikiwa mtoto, alasiri moja jikoni kwetu Malangali, uji wa ulezi ukinukia moshi. Kaka Deo alikuwa ametoka kwenye kibanda cha video, Mazwi, akanisimulia filamu yenye kabati kama hilo. Asubuhi, nikiwa kanisani, alikuwa amemchinja kuku wangu, akaniachia miguu tu.

"Wanaitoa chooni," alinijibu akichokonoa meno. "Uchafu wao unageuzwa chakula tena."

Leo najua mashine ya hivyo ingebidi kwanza iuvunjevunje uchafu mpaka usiwe uchafu tena. Wakati ule nilidhani kukoroga motoni kunatosha kuua ladha. Nilifikicha kinyesi kikavu cha ng'ombe katika uji wake, rangi zikalingana, nikampelekea.

Alimeza mara mbili. "Umeweka nini humu?"

"Chakula cha angani, kaka."

Alitapika nyuma ya nyumba hadi machozi yakamtoka. Mama alinichapa sana, lakini kila nilipomsikia Deo akitapika nilisikia raha. Aliporudi akijishika tumbo, nilimuuliza kama nimwongezee.