Amin Kutoka Jikoni

Sisi watu wa pwani kikao hatukimalizi kwa kura, tunakimaliza kwa Fatiha. Mwenyekiti akishasema "Al-Fatiha", mikono ikainuliwa, ikasomwa na wote wakaitikia amin, basi neno limefungwa, na atakayelifungua tena ataonekana hana adabu. Desturi hiyo tumekuja nayo mpaka Dubai. Sikuwa na ugomvi nayo hadi ile Ijumaa.

Wabunge wa kwetu walikuwa wanakuja. Kesho yake wangekutana na chama chetu cha watu wa pwani kwa muda mfupi, na tuliambiwa tuchague mambo matatu tu ya kuwaomba wakayasemee bungeni. Kikao kilifanyika nyumbani kwa mwenyekiti, baada ya sala ya Alasiri. Wanaume walikaa sebuleni, sisi wanawake tukawa jikoni na sufuria ya biriani, mlango wa katikati umeachwa wazi kidogo ili tusikie. Kusikia tu! Saluni ninakofanya kazi nasema nipendavyo mchana kutwa, lakini pale nilipewa vitunguu nimenye.

Pembeni yangu alikaa mwenzangu wa chumbani, mtoto wa kike amempakata. Tunaishi Karama, wanawake kadhaa chumba kimoja, kila kitanda na pazia lake. Kila mtu alijua kwamba yule mtoto ni wa rafiki yake anayefanya kazi Hatta, mbali na mji, yeye anamlelea tu. Mtoto mwenyewe alimwita anti. Ukweli niliujua mimi peke yangu. Mtoto alikuwa wake. Baba alizima simu kabla hajazaliwa, ndoa haikufungwa, na kila dirisha la ofisi alikokwenda kumtafutia karatasi za kusafiria aliulizwa cheti cha ndoa. Bila karatasi mtoto hatoki, na mama hawezi kumwacha. Huko nyumbani mama yake mzazi alikuwa mgonjwa wa kitandani. Kila akipiga simu aliuliza, "Unakuja lini, mwanangu?" na mwenzangu alijibu inshallah, kisha akajifunika shuka.

Nilikuwa nimemwahidi mambo mawili: kwamba suala la watoto wasio na karatasi litafika kwa wabunge, na kwamba yeye hatatajwa. Asubuhi ile nilimpigia mwenyekiti. "Inshallah, mwanangu, tutalitazama," akanijibu. Ningejua mapema. Inshallah ya namna ile ni hapana iliyovaa kanzu.

Sebuleni la kwanza lilipita upesi: ndege ya moja kwa moja mpaka Mombasa. La pili, vituo vya kupigia kura huku huku. Likabaki la tatu.

"Kuna lile la watoto," mwenyekiti alisema, sauti imeshuka.

"Lile la aibu?" Huyo alikuwa mfanyabiashara anayepeleka magari nyumbani. "Wabunge watatuonaje, Mzee? Watasema tulikuja huku kufanya nini? Tuweke ushuru wa magari. Yalla, tumalize, watu wana njaa."

Wengine wakacheka kidogo.

"Khalas," akasema mwenyekiti. "Al-Fatiha."

Nilimtazama mwenzangu, naye alikuwa ameuficha uso kwenye nywele za mtoto. Hasira ilinipanda mpaka macho yakaniwasha, na safari hii haikuwa vitunguu. Nikawageukia wale wanawake. "Msiitikie," nilinong'ona. "Nawaomba, msiitikie." Mke wa mwenyekiti, upawa mkononi, alinitazama kama niliyetemea mate chakula chake.

Sebuleni Fatiha ilifika mwisho. Wanaume waliitikia amin. Jikoni kimya, ila sufuria iliyokuwa ikitokota.

"Huko jikoni hamkusikia?" mwenyekiti akauliza.

Mkewe ndiye aliyejibu. "Tumesikia vizuri sana," alisema.

Nikafuta mikono, nikaenda kusimama mlangoni. "Samahani, Mzee wangu. Hilo la watoto halijazungumzwa."

"Limezungumzwa, mwanangu. Na Fatiha imesomwa."

"Mmeisoma nyinyi peke yenu."

Yule wa magari akanigeukia. "Dada, hao watoto wako wapi? Nionyeshe mmoja. Hatuwezi kuwapelekea wabunge hadithi."

Jibu nilikuwa nalo, limekaa hatua chache nyuma yangu, na nilikuwa nimeapa kutolisema. Wote walinisubiri. Niliogopa kwamba nitasema, na niliogopa zaidi kwamba sitasema.

"Yupo hapa."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Mwenzangu akaja kusimama kando yangu, mtoto kiunoni. "Ndiye huyu," akasema. "Si wa rafiki yangu. Ni wangu mimi."

Yule wa magari akaangalia zulia. Mwenyekiti alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

"Magari yatangoja," alisema mwishowe. "Mwanangu, kesho utakuja uwaambie mwenyewe?"

"Nitakuja."

Akainua mikono, akaianza Fatiha upya. Safari hii amin ya jikoni iliwatangulia wanaume, na ya mke wa mwenyekiti ndiyo iliyosikika zaidi.

Tulirudi Karama kwa metro, tumesimama katika behewa la wanawake lililojaa. Mimi wabunge siwaamini, na nilikuwa nishaanza kuhofia watasema nini kesho. Mtoto akamvuta mwenzangu mtandio.

"Anti, nina usingizi."

Akauvuta tena.

"Anti!"

Mbele ya watu wote wale, wakiwemo wa kwetu wanaotujua, mwenzangu akainama. "Niite mama," akamwambia.