Mchumba Wangu Ananipiga, Kisha Analeta Jani la Sale

Mhariri, naomba unifichie jina. Mimi ni msichana Mmeru wa miaka kumi na tisa hivi. Nasoma chuo cha misheni huku mlimani, najifunza kufundisha watoto wadogo, na nalala nyumba ya wasichana. Nimechumbiwa na kijana wa chuo hiki hiki. Yeye alinitangulia darasa, sasa ni msaidizi wa mwalimu. Ninamwogopa kiasi kwamba nikisikia kikohozi chake tu, naacha chakula.

Mwanzoni alikuwa na maneno matamu, nikajiona nimepata, kumbe nimepatikana. Akaanza kuniuliza nilicheka na nani, kwa nini nimechelewa kuteka maji. Kofi la kwanza alinipiga kwao, mbele ya dada yake, na dada yake akaendelea kumenya ndizi. Mara ya pili alinivizia kwenye mfereji akanikaba shingo. Akasema, "Ukiniacha, hakuna mwingine atakayekuoa, maana hutakuwepo." Hakupaza sauti hata kidogo.

Nilikimbilia nyumbani nikasema yote. Baba alikasirika kweli, siwezi kumsingizia. Lakini kesho yake yule kijana akaja na mjomba wake, ameshika jani la sale kwa mikono miwili, macho chini. Kwetu mtu akikuletea jani hilo kuomba msamaha, humkatalii. Ukimkatalia, balaa linaangukia nyumba yako. Desturi hiyo iliwekwa ili watu wasiuane, na yeye ameifanya ruhusa ya kunipiga. Baba akalipokea. "Mwanangu, yameisha," akaniambia. Hayakuisha. Amenipiga tena, jani limeletwa tena, na baba amelipokea tena.

Siku hizi siendi mferejini peke yangu. Njiani natembea katikati ya wenzangu, na kitanda nimekihamisha mbali na dirisha. Nilimweleza Bibi Mdachi anayetusimamia. Akasema nimwombe Mungu, tena kijana mwenyewe anaimba vizuri kanisani. Wenzangu wanasema niende bomani Arusha nikamshtaki. Sawa, atachapwa kiboko, halafu? Ataachiwa, na njia ya kurudi huku anaijua.

Juzi mama alikuja kuniletea ndizi. Mama yangu hajawahi kumpinga baba kwa lolote. Tulipokuwa tunaagana alinishika mkono akasema polepole, "Masika yakianza, chuo kikifungwa, usirudi nyumbani. Baba yako atalipokea tu lile jani." Nikamuuliza, "Sasa niende wapi, mama?" Akalia, akachukua kikapu chake akaondoka.

Wasomaji, na ninyi wote mnaosomewa gazeti hili, mama zangu na dada zangu, nawasihi mniambie nikimbilie wapi ambako hatanifikia. Masika hayako mbali. Nimeandika kwa hofu, ila sina mwingine wa kumuuliza. Umri na mambo mengine nimeyageuza kidogo, na wanaume wanaopeleka jani ni wengi, labda hatajitambua. Maana gazeti likifika hapa chuoni, anayetusomea kwa sauti ni yeye, na mimi nitakuwa nimekaa palepale namsikiliza.